Koza Han: wageni wameondoka, hariri imebaki

Mjini Bursa, kaskazini-magharibi mwa Uturuki, jirani na Msikiti Mkuu, kuna lango la mawe ya kuchonga lililopambwa kwa vigae vya rangi ya feruzi. Ukilipita unatokea kwenye ua mpana uliozungukwa na matao ya ghorofa mbili. Hapo ni Koza Han, nyumba ya wageni iliyokamilika mwaka 1491.

Sultani Bayezid II hakuijenga kwa ajili ya kuwastiri wasafiri tu. Mapato ya nyumba hiyo yaliwekwa wakfu kugharimia msikiti na madrasa yake ya Istanbul, na ramani yenyewe inaonyesha hesabu hiyo. Vyumba 95 vinatazama uani: vya chini vya mizigo, vya juu vya kulala. Kwa nje ni kuta nene za mawe na matofali. Lango likifungwa usiku, mwenye mali alilala bila wasiwasi. Wanyama walitengewa ua wao upande wa mashariki. Waliowahi kufika Caravan Serai ya Bagamoyo hawatakuwa wageni wa mpangilio huu wa vyumba na ua.

Kilicho kizuri kuliko vyote kiko katikati: kimsikiti cha pembe nane kilichoinuliwa juu ya nguzo, na chini yake birika la kutawadhia. Mfanyabiashara aliswali hatua chache tu kutoka kwenye marobota yake.

Marobota hayo yalikuwa ya hariri ya Iran, na wanunuzi wengine walitoka Italia. Biashara iliyumba baada ya 1514, Sultani Selim I alipopiga marufuku hariri ya Iran kwa sababu ya vita vyake na Wasafavi, watawala wa Iran. Baadaye Bursa yenyewe ilifuga nondo wake wa hariri, na hadi karne ya 20 wakulima walimwaga vifukofuko vya hariri uani humo wakisubiri bei.

Leo halali mtu. Vyumba vimekuwa maduka ya skafu na vitambaa, na uani watu wanakunywa chai chini ya miti. Malkia Elizabeth II alipita hapo mwaka 2008; miaka sita baadaye UNESCO ikaiingiza Bursa katika Urithi wa Dunia. Kugeuza nyumba hii kuwa soko hakukuhitaji kubomoa ukuta: chumba kilichojengwa kulinda marobota kinafaa duka vilevile.