Jinsi ya kusoma alama za mtungi wa gesi

Mteja anayenunua gesi ya kupikia kwa kawaida hutazama mambo mawili pekee: rangi ya mtungi, ambayo humjulisha kampuni, na tarakimu kubwa iliyopakwa ubavuni, 6 au 13, ambayo humwambia idadi ya kilo. Tarakimu hiyo hueleza kiasi ambacho mtungi umeundwa kubeba. Haisemi lolote kuhusu kiasi kilichomo siku hiyo.

Jibu limo katika maandishi madogo yaliyogongwa kwenye chuma, aghalabu katika pete inayozunguka vali au kwenye bamba lililochomelewa karibu nayo. Mara nyingi maandishi hayo huwa yamefunikwa na rangi au masizi, na hulazimu kupanguswa kabla ya kusomwa. Lenye manufaa zaidi kwa mnunuzi ni uzani wa mtungi ukiwa mtupu, ambao huandikwa TARE au TW.

Hesabu yake ni nyepesi. Mtungi wa kilo 13 ulioandikwa TW 14.2 unapaswa kuwa na uzani wa kilo 27.2 ukiwa umejaa. Mizani ikionyesha kilo 25.2, gesi iliyomo ni kilo 11. Kosa la kawaida ni kulinganisha mitungi miwili dukani kwa kuinua kila mmoja na kuchagua ulio mzito. Mitungi haitengenezwi kwa chuma cha unene mmoja. Mmoja waweza kuwa na uzani mtupu wa kilo 13.6 na mwingine 15.1, na yote miwili ikawa na gesi sawasawa. Kila mtungi una hesabu yake.

Anayepunjwa kilo mbili kila anapobadilisha mtungi wa kilo 13, baada ya kununua mara 13 atakuwa amepoteza kilo 26, yaani mitungi miwili mizima. Kwa familia inayopima matumizi kwa shilingi, hiyo si hasara ndogo.

Upungufu wa namna hiyo huhusishwa sana na ujazaji haramu, ambapo gesi huhamishwa kutoka mtungi mmoja hadi mwingine pasipo mizani wala ukaguzi. Chini ya kanuni za gesi za mwaka 2019, hakuna anayeruhusiwa kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila idhini ya maandishi ya kampuni hiyo. Kanuni hizo zilifuta utaratibu wa 2009 uliozilazimu kampuni kupokea mitungi ya wenzao. Gharama ya kukaidi sheria katika biashara hii ilionekana usiku wa Februari 1, 2024, mtaani Mradi, Embakasi, jijini Nairobi, lori la gesi lilipolipuka. Watu walifariki na mamia wakajeruhiwa. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ilisema maombi ya kibali cha kituo mahali hapo, yaliyowasilishwa mwaka 2023, yalikuwa yamekataliwa.

Alama nyingine ni za mkaguzi zaidi kuliko mpishi: namba ya mtungi, mwaka wa kuundwa, tarehe ya ukaguzi wa mwisho, na TP, yaani shinikizo lililotumiwa kuupima. Hata hivyo, mteja hafai kupokea mtungi ambao maandishi yake yamesagwa au kuliwa na kutu. Hakuna njia ya kujua umri wake wala kiasi alichouziwa.

Alama ya WC husahaulika, ilhali ndiyo inayoeleza kwa nini mtungi haujazwi hadi juu. Huonyesha kiasi cha maji ambacho mtungi ungebeba ukijazwa pomoni. Gesi iliyoshindiliwa huwa kioevu, na kioevu hicho hupanuka sana kikipata joto. Kikikosa nafasi, shinikizo hupanda hadi kiwango cha hatari. Kwa hivyo mtungi uliozidi uzani si zawadi kutoka kwa muuzaji.

Nchini Marekani, kanuni hiyo hujulikana sana na wenye magari ya kusafiria yaliyo na kitanda na jiko ndani. Mtungi wao mdogo wa propeni huandikwa WC 47.6, kipimo kikiwa ratili, na hujazwa asilimia 42 tu ya uzani huo, yaani ratili 20, ambazo ni takriban kilo 9. Magari makubwa huwa na tangi lililofungwa chini ya gari, na bamba lake huonyesha galoni. Hapo ndipo wageni hubabaika. Tangi la galoni 30 hujazwa asilimia 80 pekee, hivyo halitoi zaidi ya galoni 24, na anayepanga safari kwa kutegemea 30 huishiwa gesi njiani.

Tangi la gari angalau lina kipimo kinachoonyesha kiasi kilichosalia. Mtungi wa jikoni hauna, na asiye na mizani hutumia maji ya moto, yasiyochemka. Humwagwa ubavuni mwa mtungi kutoka juu hadi chini, kisha chuma hupapaswa kwa kiganja. Sehemu yenye kioevu hubaki baridi kwa sababu kioevu hunyonya joto, na sehemu ya juu yake huwa vuguvugu. Mpaka kati ya hizo mbili ndio usawa wa gesi. Kuutikisa mtungi hakuonyeshi usawa huo, na kuulaza moto unapofifia ni hatari, kwa kuwa kioevu chenyewe huweza kuingia katika mpira na kufika kwenye meko.