Mapigo

Anayenunua mashine ya kuchuma chai Kericho au Bomet atakutana na swali hili: injini ya mapigo mawili au manne? Pigo hapa si kipigo wala msiba, ingawa Mei 2023, mashine za namna hiyo zilipochomwa moto mashambani Kericho, wachumaji waliziona pigo kwa ajira zao. Wala tusitafsiri “two-stroke” ya Kiingereza kuwa “viharusi viwili”. Kiharusi ni maradhi.

Pigo la injini ni safari moja ya pistoni ndani ya silinda, kupanda au kushuka. Injini ya mapigo mawili huchoma petroli kila krenki inapozunguka mara moja. Ya manne, kila mizunguko miwili. Ile ya kwanza ni nyepesi, na haisumbuki ikilazwa ubavu mteremkoni, maana oili yake huchanganywa na petroli. Ukisahau kuichanganya, pistoni hukwama, na bili ya fundi utaisoma mwenyewe. Ya mapigo manne huweka oili yake kando, hula petroli kidogo na moshi wake ni haba. Mbebaji wa mashine angechagua mawili. Mlipaji wa petroli, manne.