Kuutambua Uwanja wa Ndege wa Zamani Pichani

Eneo la Serengeti, Tanzania, ambako ziko Morotonga, Ikoma na Seronera, lilianza kupigwa picha kutoka angani mapema. Mwaka 1930 rubani wa Uswisi, Walter Mittelholzer, aliruka juu ya Serengeti. Picha zake zimehifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu cha ETH, Zürich. Mwaka 1958 mtaalamu wa wanyama wa Ujerumani, Bernhard Grzimek, na mwanawe Michael walihesabu wanyama kutoka kwenye ndege aina ya Dornier iliyopakwa milia ya pundamilia. Michael alifariki tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo ilipoanguka.

Viwanja vya ndege vya porini enzi hizo havikuwa na lami. Nyasi zilifyekwa, vichuguu vikasawazishwa, ndege ikatua. Kwa hiyo pichani tafuta kwanza mstari ulionyooka mno: njia ya ng'ombe hupinda, na mto pia. Ardhi iliyoshindiliwa huweza kuota nyasi za rangi tofauti na za jirani hata baada ya kiwanja kuachwa.

Kisha soma vivuli. Hapa tuko karibu nyuzi 2 kusini mwa Ikweta: saa sita mchana, kivuli cha Januari huelekea kaskazini, cha Juni kusini. Ukijua mwezi na saa, umepata dira.

Lakini shahidi tunayemwamini zaidi ni mwamba. Miti hukatwa, mito huhama. Vilima vya mawe vya Serengeti vipo palepale, kila kimoja na umbo lake.

Kama nyumbani mna picha ya zamani yenye ndege, tafadhali msiikate kingo. Mara nyingi kilima cha pembeni ndicho kinachotaja kiwanja.