Karatasi Kwenye Tundu la Kaseti

Jumapili asubuhi, kabla jua halijashika, wauzaji wa vitu vya zamani pale Gikomba hutandaza magunia chini na kumwaga kila kitu: pasi bila waya, simu za mezani, remoti za TV ambazo TV zenyewe zilishakufa. Katikati ya hiyo takataka kuna redio. Mimi huendea redio. Kwa miezi saba nilikuwa nikitafuta kitu kimoja tu, redio kaseti ambayo upande wa kaseti bado unafanya kazi.

Sikuwa natafuta urembo. Nasema hivi kwa sababu siku hizi ukiinua Sanyo kuukuu kutoka chini, muuzaji anakuangalia viatu kwanza. Kuna watu wananunua hizi mashine kupamba mikahawa na nyumba za kukodisha wageni kule Kilimani. Wanaziweka juu ya rafu kando ya mmea wa plastiki, na hawajali kama zinaimba au zimejaa mende. Hao ndio wameharibu bei. Redio ambayo ingekuwa soo nne inaitishwa ngiri tatu, kwa sababu pengine wewe ni mmoja wao.

Mimi nilikuwa na kaseti 31 ndani ya katoni ya Kimbo, na sikuwa na cha kuzichezea.

Katoni ilikuwa ya baba mdogo, ndugu wa mwisho wa babangu. Alikuwa manamba wa matatu za Eastlands miaka ya themanini hadi 1990, kisha akaacha ghafla, akawa mtu wa kuuza mitungi ya maji na kunyamaza. Alipofariki, vitu vyake viligawanywa kwa dakika kumi. Hakuna aliyetaka kaseti. Mathe akasema zitupwe. Nikazichukua kwa sababu nilikuwa nimeacha chuo mwaka huo, nikiwa na wakati mwingi na sina kazi, na mtu asiye na kazi huona thamani kwa kila kitu. Nilikuwa nasomea uhandisi wa umeme. Baba anapenda kunikumbusha hilo kila ninapobeba redio mbovu kuingia nayo nyumbani.

Kaseti nyingi zilikuwa na majina kwa kalamu ya bluu: benga, rumba ya Wakongo waliokuwa wakipiga Nairobi, Kamaru. Moja haikuwa na jina. Nilipoigeuza nikaona kitu kilichonifanya nianze kwenda Gikomba kila Jumapili.

Kama ulizaliwa baada ya 2000, acha nieleze. Nyuma ya kaseti, kwenye pembe mbili, kuna vijino viwili vya plastiki, kila kimoja cha upande wake. Ukikivunja, mashine inakosa kitu cha kusukuma, na kitufe cha kurekodi kinakataa kushuka. Mtu anayevunja kijino anasema: hii isiguswe. Lakini ukibadilisha mawazo, unasokota karatasi, unaziba lile tundu, na mashine inadanganyika. Unarekodi juu yake.

Kaseti hii ilikuwa imevunjwa kijino cha upande A. Na tundu lilikuwa limezibwa. Nikachomoa ile karatasi kwa pini. Ilikuwa kipande cha bahasha ya sadaka.

Baba mdogo hakuwahi kukanyaga kanisani.

*

Sauti iliyohifadhiwa ina historia ndefu huku kwetu kuliko tunavyodhani. Siti binti Saad wa Zanzibar alipelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na HMV, na santuri zake zikauzwa pwani yote. Nairobi ilipata kiwanda chake cha kuchapa santuri mwaka 1952. Kufikia miaka ya sabini River Road ilikuwa imejaa maduka na maprodyusa wa santuri ndogo za wimbo mmoja kila upande. Hizo santuri zina watu wake leo. Nenda Kenyatta Market utawakuta wakizipangusa kama watoto wachanga. Sina ugomvi nao. Lakini kuna kitu santuri haikuweza kufanya: huwezi kuichapa jikoni.

Kaseti ilitolewa na Philips mwaka 1963, na ilipofika kwa watu wa kawaida ilileta mambo mawili kwa mkupuo mmoja. La kwanza linajulikana. Redio ya mlango mmoja ilizaa redio ya milango miwili, inayokopi kaseti huku unapika ugali, na mwanamuziki wa River Road akaanza kusikia wimbo wake kila matatu bila kuona senti. Wazee wa muziki bado wanalia juu ya hilo, na wana haki. Maharamia walikula mpaka mfupa.

La pili halitajwi sana. Hadi 1990 Kenya nzima ilikuwa na shirika moja tu la utangazaji, la serikali. Sauti ya Kenya ilikuwa imebadilishwa jina kuwa KBC mwaka uliotangulia, lakini mwenyewe alikuwa yule yule. Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali, mahali pa kwanza walipokimbilia ni studio, na wakamlazimisha Leonard Mambo Mbotela atangaze. Walijua, kama alivyojua Moi, kwamba nchi ilikuwa na mdomo mmoja. Stesheni ya kwanza ya FM ya binafsi ilikuja 1996. Kati ya hapo, kama ulikuwa na neno ambalo serikali haitaki, ulikuwa na kaseti. Mashine ile ile iliyomwibia mwanamuziki ndiyo iliyombeba pale redio ilipomfungia mlango. Sijui namna ya kutenganisha hayo mawili, na sioni haja.

Mwezi Mei 1990, asubuhi, askari wa jiji waliingia Muoroto, kijiji cha vibanda kando ya stendi ya mabasi ya Machakos, wakabomoa. Wakazi wakapigana nao. Watu walisema kuna waliokufa, serikali ikakana. Habari ilikuwa finyu magazetini na finyu zaidi redioni. Lakini kwa muda mfupi kukatokea kaseti za nyimbo za Kikuyu zilizosimulia Muoroto na mambo mengine ya mwaka ule, zikapigwa kwenye matatu kwa sauti ya juu. Abiria alipanda kwenda kazini akashuka anajua. Katikati ya mwaka polisi wakaanza kukamata wauzaji wa kaseti na watu wa matatu waliozipiga. Tarehe 7 Julai ikawa Saba Saba. Matiba na Rubia walikuwa tayari wamekamatwa, mkutano wa Kamukunji ulikuwa umepigwa marufuku, watu wakaenda hivyo hivyo, na moshi wa machozi ukajaa Eastlands.

Haya yote yalitokea mahali ninapotafutia redio. Uwanja wa Kamukunji uko jirani na Gikomba. Stendi ya Machakos iko hapo karibu pia. Nimezunguka hizo njia miaka yote nikinunua jinzi na viatu, na hakuna kibao kinachoniambia kitu.

*

Redio niliipata mwezi wa saba wa kutafuta. Sharp ya mlango mmoja, nyeusi, mpini umevunjika.

"Hii inafanya?"

"Inafanya fiti, buda. Ni vile hapa hakuna stima."

Hapo ndipo watu huliwa. Mimi hutembea na betri sita kubwa ndani ya soksi, soksi ndani ya begi. (Ukinisimamisha usiku utadhani ni silaha. Betri zenyewe siku hizi ni za kutoka nje. Kiwanda cha Nakuru, cha Paka Power, kilifungwa 2014.) Nikaziweka, nikabonyeza. Redio ikakoroma ikashika stesheni. Upande wa kaseti, kimya. Lakini nilipoweka sikio karibu nikasikia mota ikizunguka. Hiyo ndiyo sauti unayoitafuta: mota nzima, mkanda umekufa. Mkanda wa mpira ndani ya hizi mashine huyeyuka na uzee, unakuwa kama lami. Muuzaji anadhani mashine imekufa kabisa, na huna sababu ya kumsahihisha.

Aliitisha mbili na nusu. Tukafika moja na soo mbili, baada ya mimi kuondoka mara mbili.

Fundi wangu ana meza yenye upana wa mlango, ndani ya jengo moja karibu na Luthuli Avenue. Ni mzee, anavaa miwani miwili kwa wakati mmoja. Alifungua Sharp, akatoa lami kwa kijiti cha sikio na spiriti, akasafisha kichwa, akatafuta mkanda kutoka kwa mkebe wa kahawa uliojaa mikanda ya mashine zilizokwisha kufa. Nikamwonyesha kaseti na kumweleza habari ya karatasi.

"Ni ya dakika ngapi?" akauliza.

"Sitini."

"Basi upande mmoja ni thelathini. Swali ni aliyefuta alifuta dakika ngapi." Akanionyesha kichwa kidogo kando ya kile kikubwa. "Huyu ndiye mfutaji. Anatangulia kila unaporekodi. Lakini anafuta pale tu anapopita, kijana. Kama mtu aliweka mahubiri ya dakika ishirini, akabonyeza stopu, kilichobaki mbele kiko vile kilikuwa."

Sikuisikiliza pale. Nilipanda matatu na ile redio mapajani.

*

Baba alikuwa sebuleni anaangalia taarifa ya habari. Nikaweka redio juu ya meza bila kusema kitu, nikabonyeza. Kwaya. Kwaya ya kanisa letu, nyimbo za Kikuyu, kinanda kikiwa nyuma ya sauti kidogo kama kilivyo hadi leo. Baba akapunguza TV.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwa katoni ya baba mdogo."

Hakuniuliza zaidi. Akaketi tukasikiliza kwaya, wimbo mmoja, wa pili, wa tano. Kisha akaanza kusema akiwa bado anaangalia TV isiyo na sauti. Kwamba baba mdogo alichukuliwa na watu wawili waliovaa kiraia, akarudi baada ya siku nne, na hakusema alikuwa wapi. Kwamba nyumba ilikuwa chumba kimoja, watu sita. Kwamba zilikuwa kaseti tatu; mbili walizichoma kwenye jiko la makaa zikatoa moshi mbaya majirani wakauliza. Ya tatu ikapatikana baadaye ndani ya gumboot.

"Kuichoma tena singeweza, na ile harufu," akasema. "Nikaenda nayo kwaya."

"Si alikuwa ameivunja kijino?"

"Alikuwa ameivunja."

Kwenye dakika ya ishirini na nne hivi, kwaya ilikatika katikati ya neno. Pah, kitufe. Kisha upepo mzito, kama mvua ya mbali, na chini yake gitaa.

Hawakuwa na redio ya milango miwili. Walikuwa wameweka redio mbili zikitazamana, moja inaimba, nyingine inarekodi kwa maikrofoni yake ndogo. Kwa hivyo wimbo uko mbali, maneno unayakamata matatu unapoteza manne. Kilicho karibu ni chumba. Sufuria inasukumwa. Mtoto anakohoa. Mtu anaambiwa anyamaze, anacheka. Na hicho kicheko nakijua, ingawa kwa mtu mzima nilikisikia labda mara mbili. Halafu mwanamke anasema kwa Kikuyu, kwa sauti ya mtu aliyechoka nao, kwamba chakula kinapoa.

Cucu alikufa 1994. Mimi sikumpata. Nyumbani kuna picha yake moja, ya kitambulisho.

Kaseti ikafika mwisho, kitufe kikaruka chenyewe. Zilikuwa dakika sita. TV ilikuwa imefika kwenye michezo, watu wanakimbia bila sauti.

"Irudishe nyuma kidogo," Baba akasema. "Usiibonyeze kwa nguvu."