Ikulu na Lubiri

Katika darasa letu la jioni hapa Kalerwe, mjini Kampala, mwanafunzi mmoja alitunga sentensi hii: "Ikulu ya Kabaka iko Mengo." Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, kwani kosa hilo lina historia ndefu, nayo yafaa ijulikane na kila mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda.

Tuanze na maneno yenyewe. Ikulu ni neno tulilolipata kwa Wanyamwezi, ambao kwao ni makao ya mtemi. Leo ni makao na mahali pa kazi pa mkuu wa nchi. Lubiri ni neno la Kiganda, yaani ua wa kasri la Kabaka, kama lile la Mengo lililojengwa na Mwanga II mwaka 1885. Hata Entebbe, walikoweka Waingereza serikali yao, ni jina litokanalo na entebe, maana yake kiti.

Tarehe 30 Novemba 1953, Gavana Sir Andrew Cohen alimwita Kabaka Mutesa II katika Nyumba ya Serikali huko Entebbe, akamwarifu kuwa Uingereza haimtambui tena. Siku ile ile akapelekwa kwa ndege ugenini, asirudi mpaka Oktoba 1955. Uhuru ulipatikana 1962, na mwaka uliofuata Mutesa akawa Rais wa kwanza. Hivyo nyumba aliyofukuziwa ikawa Ikulu, makao rasmi ya cheo chake kipya. Na huko Mengo akabaki Kabaka.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawakutuambia habari za fahali mmoja mwenye mazizi mawili. Mwishoni mwa 1964 wananchi wa Buyaga na Bugangaizi walipiga kura kutoka Buganda na kurudi Bunyoro. Rais alipaswa kutia saini. Kabaka hakuweza kuipunguza nchi ya babu zake. Mkono ulikuwa mmoja, nao ukakataa. Waziri Mkuu Milton Obote akatia saini badala yake.

Uhasama ukazidi. Mwaka 1966 Obote aliiondoa katiba, akajifanya Rais, na tarehe 24 Mei jeshi likalishambulia lubiri la Mengo. Watu wengi waliuawa. Mutesa aliponea chupuchupu, akafia London mwaka 1969. Falme zilifutwa 1967, zikarudishwa 1993, lakini safari hii kwa masharti: mtawala wa jadi haruhusiwi kushiriki siasa za vyama.

Ndipo tukamsahihisha mwanafunzi wetu: lubiri la Kabaka liko Mengo, Ikulu ya Rais iko Entebbe, na nyingine Nakasero. Lubiri hurithiwa na ukoo. Ikulu ni mali ya taifa, na akaaye humo amepewa dhamana tu. Walimu wenzetu, tusiwaache wanafunzi wayachanganye maneno haya. Wakubwa walipoyachanganya, waliolipa ni wananchi.