Duara Kuu, Si Duara Kubwa

Tandaza ramani ya dunia ya Mercator, kisha tafuta miji miwili ya pembezoni. Longyearbyen uko kwenye visiwa vya Svalbard, Norwei. Utqiagvik uko kaskazini kabisa mwa Alaska, Marekani. Iunganishe kwa rula: ukiufuata mstari huo, utasafiri takriban kilomita 5,000. Sasa chukua tufe na uzi. Kaza uzi kati ya miji hiyohiyo: utapita karibu sana na Ncha ya Kaskazini, na urefu wake utakuwa kama kilomita 3,400 tu.

Uzi huo umelala juu ya duara kuu. Duara kuu ni duara lolote lililo juu ya tufe ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha tufe lenyewe, hivyo hulikata tufe nusu kwa nusu. Ikweta ni duara kuu. Kila mstari wa longitudo, ukiungana na mwenzake wa upande wa pili wa dunia, hufanya duara kuu. Latitudo nyingine zote ni maduara madogo.

Wapo wanaosema “duara kubwa”. Nalikataa jina hilo, kwa sababu Kiswahili kimekwisha kutenganisha maneno haya mawili. Dar es Salaam ni mji mkubwa kuliko Dodoma, lakini mji mkuu ni Dodoma. “Kubwa” hupima ukubwa. “Kuu” hutaja hadhi. Tropiki ya Kansa, mojawapo ya latitudo hizo, ina mzingo wa zaidi ya kilomita 36,000. Nani atasema si kubwa? Hata hivyo si duara kuu, kwa kuwa kitovu chake hakiko kwenye kitovu cha dunia. Mwanafunzi aliyefundishwa “kubwa” ataukodolea macho urefu. Aliyefundishwa “kuu” atauliza kitovu kiko wapi, na hilo ndilo swali lenyewe.

Basi “umbali wa duara kuu” ni urefu wa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa tufe. Ndege ikiifuata kutoka Longyearbyen, itaondoka ikielekeza pua kaskazini na kufika Utqiagvik ikielekea kusini, ingawa rubani hakukata kona popote. Dira ndiyo iliyogeuka. Njia imenyooka vilevile.

Umbali huo haubadiliki, ila muda wa safari hubadilika. Hakuna ndege ya abiria ya ratiba kati ya miji hii, lakini hesabu ni nyepesi: kwa mwendo wa kilomita 850 kwa saa, kilomita 3,400 ni saa 4. Ongeza muda wa kupaa na kushuka, kisha ongeza au punguza kwa kadiri ya upepo. Mwendo wa ndege nao huhesabika: Aprili 1928, mvumbuzi Hubert Wilkins na rubani Carl Ben Eielson waliruka kutoka Alaska hadi Svalbard kwa ndege ya injini moja. Walitumia zaidi ya saa 20, kwani ndege yao ilikwenda polepole, na njia yao ilipinda kuelekea upande wa Greenland.

Kwa hiyo, ukisoma kwamba kiwanja fulani cha ndege kiko umbali fulani kutoka kingine, jua kwamba anayetaja umbali huo kwa kawaida amepima kwa uzi juu ya tufe, hakupima kwa rula ukutani. Uzi huo unastahili jina linalosema ukweli wake: duara kuu.