Makubaliano ya Wapimaji

Makubaliano ya wapimaji ni kiasi ambacho watu wawili au zaidi, wakitazama kitu kilekile bila kushauriana, huamua jambo moja. Hupimwa pale takwimu zinapotegemea macho ya watu: madaktari wanaosoma picha za kifua, walimu wanaosahihisha insha, au wachambuaji wa taka katika jaa la Mwakirunge, Kisauni, linalopokea taka za Mombasa.

Kuhesabu asilimia pekee hudanganya. Tuseme wachambuaji wawili wanakagua mifuko 100 wakitafuta taka za hospitali. Kila mmoja anataja mifuko 5, lakini mfuko uliotajwa na wote wawili ni 1 tu. Wameafikiana juu ya mifuko 92, hesabu ya kupendeza, ilhali kwa bahati tupu wangeafikiana juu ya 90.5 hivi. Kapa, kipimo alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, huiondoa sehemu hiyo ya bahati. Hapa hubaki takriban 0.16. Joseph Fleiss alitoa mwaka 1971 kipimo cha wapimaji wengi.

Kinachotafutwa kikiwa adimu, mtafiti huweza kuongeza kusudi mifuko inayoshukiwa, mradi aseme hivyo waziwazi, kwani mchanganyiko ukibadilika na kapa hubadilika.

Taka zina ukaidi wake: mfuko ukishapekuliwa si ule tena. Kwa hiyo humwagwa juu ya turubai, kila kipande kikapewa namba, na hakuna anayeondoa kitu hadi mpimaji wa mwisho amalize. Sampuli huchukuliwa lori linaposhusha, kabla waokotaji hawajatoa plastiki na vyuma chakavu. Kupima kwa picha za taka ni rahisi zaidi, lakini picha hazina harufu, na mzoefu wa jaani hutambua mengi kwa pua.

Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Je, nepi iliyotumika iende wapi? Pakiti ya maziwa yenye karatasi na plastiki? Mwongozo wa wapimaji huamua mapema, ukajaribiwa kwa mifuko isiyoingia katika hesabu. Wapimaji nao wawe wale watakaoifanya kazi hiyo kila siku. Wahadhiri wawili kuafikiana hakuthibitishi lolote kuhusu waokotaji.

Ngazi za Landis na Koch za 1977, zinazoita kapa ya 0.61 hadi 0.80 makubaliano makubwa, hunukuliwa kila mahali ingawa wenyewe walikiri kuwa mipaka hiyo ni ya kiholela. Afadhali kapa itolewe pamoja na kiwango chake cha mashaka na jedwali zima la majibu.